Hadi Atakapotubu

Sinia la mkate linapita safu kwa safu. Linamfikia mtu aliyeketi karibu na mwisho wa benchi. Analipokea kwa mikono miwili, hamegi kitu, anampa jirani. Kikombe nacho kinampita vivyo hivyo. Waliomzunguka wanajua sababu. Wanajua pia kwamba kosa lile aliliacha siku nyingi, aliowakosea amewaomba radhi, alichoharibu amekilipa, na ibada hakosi. Muulize mzee wa kanisa kwa nini mtu huyu hajaruhusiwa Mezani hadi leo. Atanyamaza kidogo, kisha atajibu, "Kikao hakijakaa."

Kikao cha kumtenga kilikaa. Kina tarehe, kina akidi, kina saini za mwenyekiti na katibu. Mstari wa mwisho wa uamuzi unasema ametengwa na ushirika wa Meza ya Bwana "hadi atakapotubu."

Mstari huo umenikaa kichwani kwa majuma.

Nani ataamua kwamba ametubu? Ataangalia nini? Lini? Na mwenyewe akiona ametubu, agonge mlango wa nani? Kitabu cha kumbukumbu hakisemi. Makanisa mengi yana utaratibu wa kumtoa mtu, hatua kwa hatua, lakini suala la kumrudisha yameliachia hisia: siku moja watu wataona basi, imetosha. Kwa mwenye ndugu barazani siku hiyo huja upesi. Kwa asiye na mtu, haiji.

Nimefika mahali pa kuamini hivi: baraza ambalo halijaandika njia ya kurudi halijamaliza uamuzi wa kutenga, na lisiutangaze.

## Barua mbili kwa Korintho

Tukizungumzia nidhamu tunakimbilia 1 Wakorintho 5. Mtu anaishi na mke wa baba yake, kanisa linajivuna badala ya kulia, Paulo anaagiza aondolewe. Sura hiyo tunaihubiri vizuri. 2 Wakorintho 2:5-11 tunaipita haraka, ilhali ndiyo yenye maagizo ya siku ya kurudi.

Kama ni mtu yule yule au mwingine, ni mjadala wa karne nyingi. Kati ya waandishi wa Kanisa la kale, Tertuliano alikataa katakata, Krisostomo alikubali. Kwa shauri letu haibadilishi kitu. Paulo anasema adhabu ile yatosha. Yaani ina kiasi chake, na kiasi kikishafika, kuendelea ni kosa jipya, safari hii la kanisa. Anawaagiza wamsamehe, wamfariji, na wamhakikishie upendo wao, tena anaowaagiza ni kanisa zima. Waliomwadhibu walikuwa wengi. Na kumpokea kuwe kwa wengi.

Kisha anataja hatari ambayo sijaiona katika fomu yoyote ya baraza: mtu huyo asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi.

Mstari wa 11 ndio ulionigeuza. Tumezoea kumwona Shetani kwenye ulegevu, kanisa likiacha dhambi ipite bila kuikemea. Hapa Paulo anamwona kwenye kuchelewa kusamehe.

## Ziara ya pili

Mathayo 18:15-17 tunaifahamu sote. Nenda kwake mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Hatua ya kwanza hurukwa kwa woga, kwa kuwa kumwambia mchungaji ni rahisi kuliko kumwambia mhusika. Ya pili huharibika kwa sababu nyingine: wale wawili huja wameshaamua. Kazi yao ni kusikia pande zote, na huenda wakakuta aliyeleta shauri ndiye mwenye kosa, au hakuna kosa ila uhasama wa siku nyingi. Wakiingia kama waendesha mashtaka, mwenzao atajitetea, na mtu akiwa katika kujitetea hana nafasi ya kutubu.

Ziara ziwe angalau mbili, na kati yake zipite wiki mbili au zaidi. Aliyeshtukizwa hukana. Akilala na neno lile, akaamka nalo, akapiga magoti nalo, ziara ya pili mara nyingi ndiyo inayozaa. Iandikwe tarehe ya ziara na majina ya waliokwenda, yatosha. Maneno ya faragha yasiandikwe.

Akitubu hapo, shauri limekwisha. Halipelekwi barazani "kwa taarifa", halitangazwi, na waliolijua wanafunga vinywa. Wapo wazee wema kabisa wanaodhani kila dhambi iliyoungamwa sharti iingie kitabuni. Yesu alisema akikusikia, umempata nduguyo. Ukishampata, kitabu cha nini?

Kuna mashauri ambayo njia hii haiyahusu, na hapa naomba tusikilizane kwa makini. Mke anayepigwa, mtoto aliyenajisiwa, muumini aliyelazimishwa na kiongozi wake: hao hawaambiwi waende peke yao kwa aliyewaumiza. Kosa la jinai hupelekwa kwenye vyombo vya dola bila kusubiri kikao, na kikao hakichukui nafasi ya polisi wala ya mahakama. Nidhamu ya kanisa inaendelea kwa upande wake, bila kuizuia sheria na bila kujificha nyuma yake.

## Kinachoandikwa

Basi shauri limefika barazani. Mhusika ameitwa kwa barua, amesikilizwa, amekataa kuacha. Karatasi ya uamuzi iseme nini?

Kwanza kitendo chenyewe, kwa jina lake. "Alitumia fedha za mfuko wa wajane kwa mambo yake" ni jambo linaloeleweka, linaachika na linalipika. "Mwenendo usiompendeza Mungu" halieleweki. Mtu hawezi kuacha kitu ambacho hakikutajwa, na wazee watakaochaguliwa baadaye hawatajua wampime kwa lipi.

Kisha alichozuiliwa, kimoja kimoja: Meza, kusimamia ubatizo, kuimba kwaya, kufundisha, kupiga kura. Kisichoandikwa hakikuzuiliwa. Zile haki anazobaki nazo ziandikwe pia, maana ndizo zinazoyeyuka kimyakimya: kuja ibadani na kuketi apendapo, kutembelewa, kuombewa, kusaidiwa akiugua, kusindikizwa akifiwa. 2 Wathesalonike 3:15 inakataza kumhesabu adui; inataka aonywe kama ndugu. Utamwonyaje ndugu ambaye hata salamu umemnyima?

Liwepo jina la mlezi mmoja, mtu asiyekuwa miongoni mwa waliomshtaki, atakayeonana naye kila wiki mbili. Taratibu nyingi hufia hapa. Baraza linaandika "wazee wamfuatilie", na kila mzee anajua wenzake watakwenda.

Ziandikwe dalili za toba zitakazoangaliwa, kwa kosa hili na kwa mtu huyu. Mwisho, iwekwe tarehe ya baraza kukaa tena juu yake.

Karatasi hiyo asomewe yeye kwanza, ana kwa ana, apewe nakala, ndipo kanisa lisikie. Ni ukatili mtu kuyapata mambo yake kwenye matangazo.

Watu wakiniambia kwamba kuandika njia ya kurudi siku ya kutenga ni kulegeza, naitazama Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho cha makanisa ya Kireformati. Jibu la swali la 85 ni kali: asiyesikia maonyo azuiliwe sakramenti. Jibu hilo hilo, kabla halijafika mwisho, linasema akiahidi na kuonyesha kubadilika kwa kweli, apokewe tena. Kutoka na kurudi vimo katika pumzi moja. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1358, inalibana jambo zaidi: adhabu ya kutengwa haiondolewi kwa aliye bado mkaidi, lakini aliyeacha ukaidi hawezi kunyimwa kuondolewa, na kutengeneza alichoharibu ni sehemu ya kuacha huko.

Hawezi kunyimwa. Imekuwa haki yake, imetoka mikononi mwa wenye huruma na wasio na huruma.

## Machozi si kipimo

Sauli alisema nimefanya dhambi. Daudi naye alisema nimefanya dhambi. Ukisikiliza kauli peke yake huwezi kuwatenganisha. Tofauti inakuja katika sentensi inayofuata: Sauli, katika 1 Samweli 15, anawasingizia watu aliowaogopa, kisha anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Kilichomuuma ni sura yake mbele za watu.

Kwa hiyo mlezi asikilize neno "lakini". Mwenye toba hutaja kitendo kwa jina na kunyamaza. Asiyefika bado hutaja kitendo kisha hutafuta mshirika: mke alikuwa mkali, mshahara ulichelewa, hata fulani hufanya. Mlezi atazame pia kama mtu amevunja njia iliyompeleka kosani: namba iliyofutwa, ufunguo uliorudishwa, akaunti ya fedha ambayo sasa ina watia saini wawili. Aliyemkosea anamwacha apumue, au anamfuata kila siku akidai kusamehewa? Anayedai msamaha bado anachukua.

Kuungama upesi baada ya kufumaniwa kunadanganya, na sadaka kubwa ya ghafla inadanganya zaidi. Hata machozi hayatoshi, ingawa siyadharau. Wapo watu ambao hawalii kamwe, na baraza limewaona wagumu, kumbe walishalipa, walishaacha, walishanyenyekea.

Kila kosa lina matunda yake. Kwa uzinzi ni kukatika kwa mawasiliano, na mwenzi wa ndoa kupewa nafasi ya kuuliza maswali bila kukemewa. Mlevi anaweza kuanguka mara moja baada ya miezi mingi ya kiasi, na toba yake ikabaki ya kweli. Ninachouliza ni kama alimpigia mlezi simu mwenyewe au alifichuliwa na wengine. Mchonganishi arudi kwa kila aliyempelekea maneno, nyumba kwa nyumba, akayafute.

Kwa mwizi, malipo. Hesabu 5:7 inataka arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijitwisha mara nne. Lakini Meza isingoje senti ya mwisho. Ukiingoja, tajiri atarudi kesho na maskini atakaa nje miaka kwa kosa lile lile. Uwepo mpango wa malipo ulioandikwa, wenye kiasi anachokiweza, na baraza limwone akiutimiza kwa uaminifu, tuseme miezi mitatu mfululizo. Hapo imeonekana njia anayoiendea.

## Muda

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, na sijalimaliza.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, mkutano mkuu wa maaskofu, uliweka miaka. Waliomkana Kristo wakati wa mfalme Likinio bila kulazimishwa, bila kunyang'anywa mali, bila hatari, kanuni ya 11 iliwapitisha ngazi za toba: miaka mitatu miongoni mwa wasikilizaji, saba miongoni mwa wapiga magoti, na miwili ya kusali pamoja na watu bila kushiriki Ekaristi. Kumi na miwili jumla. Msomaji wa leo anashtuka. Lakini tazama walichopata wale waliotenganishwa: walijua. Mtu wa mwaka wa nne alijua yuko wapi na kimebaki nini, na hakuna askofu aliyeweza kumweka nje mwaka wa kumi na tatu kwa kumchukia tu.

Ubaya wa muda uliopangwa nao unajulikana. Toba inageuka kifungo. Mtu anahesabu miezi, anatoka na moyo wake ule ule, na baraza halina la kumwambia kwa sababu muda wake umekwisha. Wale mababa waliliona hilo, maana kanuni ya 12, baada ya kutaja miaka, inamruhusu askofu kuupunguza kwa yule aliyeonyesha toba kwa matendo, na inamtaka aliyeuchukulia mzaha aumalize wote.

Ninakoegemea sasa ni tarehe ya kupitia, pasipo tarehe ya kuachiwa. Mapitio ya kwanza yawe ndani ya wiki sita, kisha kila miezi mitatu, iwe mtu amebadilika au hajabadilika. Kila mara mlezi analeta taarifa fupi, mhusika anaitwa, dalili zilizoandikwa zinasomwa moja moja, na baraza linatoa jibu lenye sababu: bado, kwa sababu hii; au tayari. Jibu la "bado" lisilo na sababu lisikubaliwe na mwenyekiti.

Baraza linalokutana mara nne kwa mwaka haliwezi kazi hii likiwa zima, hivyo liteue kamati ya watu watatu. Kule Geneva, mji wa mwanamatengenezo Kalvini, kanuni za kanisa za 1541 ziliwataka wachungaji na wazee wakutane kila Alhamisi kwa mambo kama haya. Waliyafanya mengi ambayo nisingependa tuyaige, ila hapo walielewa kwamba nafsi ya mtu haingoji robo mwaka.

Kwa anayekufa, hakuna kusubiri. Kanuni ya 13 ya Nikea iliamuru aliye karibu na kufa asinyimwe Ekaristi akiiomba, na akipona arudi kwenye hatua ya wanaosali pamoja na watu. Wakatoliki hadi leo, kwa kanuni ya 976, wanamruhusu padre yeyote kumwondolea dhambi na adhabu mtu aliye katika hatari ya kufa. Mchungaji aliyeitwa hospitalini usiku asiseme atawauliza wazee.

## Dhambi inayoonekana

Chunguza orodha ya waliotengwa katika kanisa lolote. Utakuta majina ya wasichana waliopata mimba, kisha tafuta majina ya waliowapa mimba hizo.

Hayamo.

Tumbo linaonekana, na baraza linaadhibu kinachoonekana. Msichana anasimamishwa mbele, anafungiwa Meza, kijana aliyehusika anapitisha sinia la sadaka Jumapili hiyo hiyo. Hapo tumeadhibu mimba, na mimba si dhambi. Mashauri mawili yasikilizwe pamoja au yasisikilizwe. Na kama msichana ni mtoto, hana shauri la kujibu. Aliyemtendea ndiye mwenye shauri, na linaanzia polisi. Wakatoliki wameliandika hata la umri: asiyetimiza miaka 16 haguswi na adhabu za kanisa.

Upande wa pili wa orodha ni wenye nguvu. Mwaka 390, baada ya mauaji ya raia wengi huko Thesalonike kwa amri ya mfalme Theodosio, Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia kwamba hataweza kuadhimisha Ekaristi mbele yake. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe ili barua isomwe na mfalme peke yake. Nguvu ya mfalme haikumwondolea nidhamu, na ukubwa wa kosa haukumnyima hatua ya kwanza ya faragha. Theodosio alitubu hadharani, akapokewa Krismasi ya mwaka huo. Baraza linalomwogopa mfadhili wake mkubwa lisimguse mama maskini.

## Meza na cheo

Wazee wengi wanaochelewesha kumrudisha mtu Mezani wana hofu moja halali: akirudi Mezani leo, kesho atadai mimbari, au funguo za sanduku, au darasa la watoto. Kwa hiyo wanamzuia vyote ili kulinda kimoja.

Tenganisheni maamuzi. Meza ni ya mwenye dhambi anayetubu, na hakuna mwingine anayeikaribia. Uongozi una masharti yake katika 1 Timotheo 3, likiwamo kushuhudiwa mema na watu wa nje, na ushuhuda huo huchukua miaka. Kwa makosa mengine hauji tena. Mhasibu aliyeiba ashiriki Meza kwa furaha na asishike fedha za kanisa. Aliyemdhuru mtoto, hata akitubu kwa kweli na kumaliza kifungo, hawi peke yake na watoto kamwe, na anaingia kanisani kwa mpango ulioandikwa: ibada ipi, mlango upi, nani yuko naye. Kama aliyeumizwa anasali hapo, yeye ndiye anayebaki na mkosaji anashiriki kwingine. Asiombwe kutamka msamaha mbele ya watu ili sherehe ipendeze.

Mwenye toba ya kweli huyakubali haya. Anayesema "kama mmenisamehe, nirudishieni nafasi yangu" amelijibia baraza swali lake.

## Siku yenyewe

Tangazo la kumtenga lilisomwa mbele ya wote. La kumrudisha lisomwe mbele ya hao hao, mahali pale pale pa ibada, kwa sauti ile ile. Mara nyingi la kwanza husomwa na mchungaji kutoka mimbarini, na la pili hunong'onwa na katibu baada ya taarifa ya sadaka.

Aombwe kusimama, asilazimishwe kuhutubia. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwaandikia maaskofu kukataza dhambi za watubuji zisomwe hadharani kutoka kwenye maandishi. Kuungama kwa faragha kunatosha, alisema, maana aibu ile ingewafukuza wengi. Toba iwe pana kama kosa lilivyojulikana, isizidi. Maneno mawili matatu yanatosha, na mchungaji anaweza kuyauliza yeye ili mtu ajibu tu:

"Ndugu yetu, je, unakiri kwamba ulitenda dhambi mbele za Mungu na kuliumiza kanisa lake, nawe umeigeukia neema yake?"

"Ndiyo, nakiri."

Kisha kanisa nalo liulizwe, kwa sababu nalo lina ahadi ya kutoa: "Je, mnampokea, na mnaahidi kutolirudia jambo hili kwa midomo yenu?" Likijibu, mchungaji anatamka wazi kwamba kizuizi kimeondolewa, anaomba, wazee wanampa mkono wa shirika.

Haya yafanyike baada ya mahubiri na kabla ya Meza, siku ambayo Meza ipo. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mtu anapokewa Jumapili ya kawaida, Meza inayofuata iko mbali, na katikati hapo watu wanaanza kuulizana kama kweli amerudi. Mkate anaoumega mbele yao unamaliza maswali.

Wiki moja kabla, mlezi ampitishe katika kila hatua: ataketi wapi, ataulizwa nini, nani atakuwa kando yake. Kama aliyekosewa ni wa kanisa hilo, aarifiwe mapema na aachiwe hiari ya kuwapo au kutokuwapo.

## Baada ya hapo

Mlezi haachi siku hiyo. Amtembelee wiki ya kwanza, ya nne na ya kumi na mbili. Wiki ya kwanza ina furaha; shida huja ya nne, pongezi zikiisha na macho yakibaki.

Kumbukumbu ya uamuzi wa kutenga iandikwe "imefungwa" na tarehe, na barua yake ya utambulisho akihamia kanisa lingine isitaje shauri, isipokuwa pale usalama wa watoto au fedha unapodai wanaompokea wajue. Atakayelifufua jambo kwa maneno ametenda kosa, na Mathayo 18 inaanza upya kwake yeye.

Akianguka tena katika kosa lile lile, njia ni ile ile. Luka 17:4 inataja mara saba kwa siku moja. Dalili zitaangaliwa kwa umakini zaidi, mapitio yatakuwa marefu kidogo, lakini mlango haukufutwa kwenye karatasi.

## Majina yasiyo na tarehe

Kazi ya kwanza kwa baraza linalotaka kuanza ni kukifungua kitabu na kuandika majina yote yaliyotengwa "hadi atakapotubu" ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyarudia. Anzeni na la zamani kuliko yote. Wengine wamehama, wengine wako makanisa mengine, wengine wanaketi benchi la nyuma kila Jumapili. Kila mmoja apate mlezi na tarehe ndani ya mwezi huo. Anayebisha hodi aseme amekuja kwa niaba ya baraza, kwamba wamechelewa, na kwamba shauri lake lina siku ya kusikilizwa.

Mtakuta pia wachache ambao hawakupaswa kutengwa kabisa. Shahidi alikuwa mmoja, au walihukumiwa hawapo, au kosa lao lilikuwa kumpinga mwenyekiti. Nikea ililitazamia hilo: kanuni ya 5 inataka sinodi, yaani vikao vya maaskofu, zikae mara mbili kwa mwaka kuchunguza kama kuna aliyetengwa kwa sababu ya ugomvi au chuki ya askofu. Hao msiwaulize maswali ya toba. Uamuzi ule ubatilishwe, na mwenyekiti asimame pale uliposomwa, ataje jina la mtu huyo, aseme baraza lilikosa, na amwombe radhi.

Naye apewe muda wake wa kujibu.